Mkwe wa Hewani

Juzi nilikwenda hospitali kupimwa presha. Nyinyi vijana mnaofanya kazi kwenye kile chumba cha kioo mlinikaribisha vizuri, mkanivutia kiti, mkataka nione jinsi mnavyozungumza na zahanati za vijijini huku mnaonana uso kwa uso. Nesi akanifunga ile mashine mkononi palepale. Mmoja wenu akabonyeza hapa na pale, na kwenye kioo akatokea mama wa makamo mwenye sare nyeupe, amekaa kwenye zahanati moja ya juu, upande wa Nkunga. Yule mama aliponiona nimekaa pembeni ya kijana wenu, alitoweka. Kikabaki kiti kitupu. Kijana akaanza kuhangaika na nyaya, anasema mtandao umekatika.

Mtandao haukukatika, mwanangu. Yule ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu Gwakisa, na wakati huo alikuwa ameinama chini ya meza kunikimbia. Nilicheka mpaka mashine ya presha ikatoa namba ambazo nesi hakuzipenda hata kidogo, akazisoma kwa sauti kama mwalimu anayetangaza aliyefeli. Mkaniuliza kulikoni. Nikasema ni habari ndefu, nitawaandikia. Basi ndiyo hii.

Chumba hicho mnachokalia kilikuwa changu. Kabla yangu kilikuwa stoo ya mashuka, na mpaka nastaafu bado kilinuka sabuni ya mche. Hakikuwa na kioo wala marumaru. Kulikuwa na meza moja, redio ya kupigia yenye ukubwa wa debe dogo, betri ya gari chini ya meza, na waya uliotoka dirishani kwenda kufungwa juu ya mkaratusi. Nyinyi mnaita tiba mtandao. Sisi tuliita redio koli, na kazi ilikuwa ileile: mgonjwa yuko mbali, daktari yuko hapa, maneno yaende na yarudi kabla mtu hajatutoka.

Asubuhi na alasiri zahanati zote zilikuja hewani kwa zamu. Nesi wa kijijini anaeleza mgonjwa wake, Dokta Koku amesimama nyuma ya kiti changu ananiambia la kujibu, mimi narusha. Mtoto anayepumua kwa shida anaanzishiwa dawa hukohuko, badala ya kubebwa mgongoni kwenye mvua mpaka Tukuyu. Mama mwenye dalili mbaya anaambiwa aanze safari leo, asingoje kesho. Dokta Koku mwenyewe alikuwa mama mfupi kutoka Bukoba, hodari wa kisu, haogopi mtu, lakini redio ilimshinda. Akitaka kusema anaachia kitufe, akitaka kusikiliza anakibonyeza. Mwisho alinikabidhi maiki akasema mimi nitakuwa mdomo wake, na alinitumia hivyo kwa miaka mingi.

Aliyenifundisha kuwa mdomo hakuwa mtu wa hospitali. Alikuwa Fundi Shabani, mwenye kibanda cha redio pale Bagamoyo, hii ya kwetu Tukuyu, si ile ya pwani, ingawa babu yake alitoka pwani kweli. Ilikuwa enzi ya ruksa. Miaka michache nyuma hata betri ya tochi uliipata kwa kujuana, na sasa mitumba imemwagwa chini sokoni, redio kaseti zimejaa madukani, na Shabani anapata vipuri ambavyo zamani alikuwa akivichonga mwenyewe. Hospitali ilimwita aje kufunga redio yetu. Aliifunga, kisha akakaa akanitazama ninavyoitumia, akaanza kusikitika.

Maana siku ya kwanza niliwasalimia watu. Mnajua salamu zetu Wanyakyusa, hazina mkato. Nikauliza wameamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe hawajambo, na mvua huko inanyeshaje. Upande wa pili nao wakajibu kwa utaratibu na kuniuliza vilevile. Tulipofika kwenye mgonjwa, betri ikaisha.

Shabani akanipa masharti, nami nawapa nyinyi, kwa sababu hata hicho kioo chenu kinayahitaji. Maiki ikae umbali wa kiganja kutoka mdomoni, na usipige kelele, kwa sababu ukipiga kelele redio inakoroma. Bonyeza, vuta pumzi, ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linaliwa. Neno kubwa litangulie: kama ni damu, sema damu kwanza, salamu zitakuja kwenye chai. Ukiambiwa jambo, lirudie lote, maana asiyerudia hajasikia. Ukimaliza, sema ova, mwenzako ajue ni zamu yake. Na la mwisho, ambalo wakati ule nililiona la kawaida tu, alisema nisimwonee haya mgonjwa, kwa kuwa haya yangu haimponyi.

Siri ilikuwa hakuna. Kila zahanati ilikuwa na spika, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi walisikiliza kama watu wanaosikiliza mpira. Ukitaka kujua nani anaharisha kule Mpuguso, ulikwenda tu kukaa kwenye benchi la Nkunga. Kule juu kulikuwa na mhudumu mmoja, mzee Ipyana, aliyekuwa akifagia na kuwasha jiko la kuchemshia vifaa. Siku ya kwanza aliizunguka redio nzima, akachungulia nyuma, akasema, "Ledio hii imejaa watu, sijui wanakula wapi." Lakini ndiye aliyekuja kuizoea kuliko wote.

Sasa niwaeleze jambo moja, hasa nyinyi mliotoka mikoa mingine. Kwetu, mkamwana, au nkamwana kama tunavyosema nyumbani, haonani na baba mkwe. Wakikutana njiani yeye anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Hali chakula naye, hamtaji jina, hasemi naye. Mzee naye ana wajibu wake: asiingie uani bila kukohoa, na asitamke jina la yule binti. Mimi nilikohoa kwenye ua wa Gwakisa mpaka jirani akanishauri niende kupimwa kifua. Walokole wengi walikuwa wameshalegeza mambo hayo, lakini mama yangu mzazi alikuwa hai, anaishi kwetu, na yeye hakulegeza kitu. Msidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na mimi niliipenda.

Gwakisa alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, akaoa nesi aliyetoka chuoni karibuni. Tukafurahi sana. Kisha vituo vikapangwa, na aliyepanga alikuwa mtu wa mbali asiyejua habari za migomba. Akampeleka mkamwana wangu kwenye zahanati ile ya juu. Akawa ameweka mkwe huku na mkwe kule, kwenye waya mmoja, na kazi yao ni kuzungumza.

Wiki ya kwanza zahanati ile ilikuwa kimya kama kaburi. Dokta Koku akafikiri redio yao mbovu, akataka kumtuma Shabani. Ikabidi nimweleze. Alinitazama muda mrefu, akauliza kama mimi na yule nesi tunazungumza lugha mbili tofauti. Nikamwambia lugha ni moja, tatizo ni masikio. Mwisho tukapata njia. Zamu ya zahanati ile ikifika, mimi natoka kwenye kiti, Tumaini wa mapokezi anakaa. Kule juu, nesi anamnong'oneza mzee Ipyana, na Ipyana anasema hewani. Maneno ya daktari yakawa yanapita vinywa vingi kabla ya kufika kwa mgonjwa, lakini yalifika, na kila mtu akabaki na heshima yake.

Ikaja masika. Zahanati moja ya upande wa Mpuguso, mganga wake alikuwa mtu wa watu, hawezi kusema hapana. Jumamosi moja jirani yake alikuwa anaoza binti, na wenye harusi walikuwa na redio kaseti mpya kubwa na spika mbili, ila hawana umeme. Mganga akawaazima betri ya redio koli. Wakacheza mpaka betri ikalala, na kwa mvua ile paneli ya jua haikuweza kuiamsha. Jumatatu zahanati yake haikuwepo hewani. Tulipomuuliza baadaye alisema ilikuwa harusi nzuri sana.

Jumatatu hiyohiyo, alasiri, Dokta Koku alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji, mgonjwa yuko mezani ameshafunguliwa. Tumaini alikuwa ameagizwa stendi kupokea boksi la dawa kutoka Mbeya. Mimi nimekaa peke yangu, mvua inapiga bati. Nikasikia kitufe kinabonyezwa mahali fulani, ile sauti ya hewa kufunguka, halafu hakuna neno. Kikaachiwa. Kikabonyezwa tena. Kimya. Nilijua ni yeye, kwa sababu katika Rungwe nzima hakuna mtu mwingine ambaye angebonyeza redio yangu na kushindwa kusema.

Mara ya tatu alisema, kwa sauti ndogo, kama anasema na ukuta.

"Yeyote aliye hewani. Damu. Mama amejifungua, damu haikati. Ova."

Neno kubwa lilitangulia. Shabani angempa mkono.

Niliita Mpuguso, zahanati pekee yenye redio ya kufika Nkunga, mganga apokee na kupeleka maneno, nikakumbana na ukimya wa harusi. Niliuliza aliko Ipyana, nikiuliza hewa tu, simuulizi mtu. Hewa ikajibu kwamba gari haliwezi kupita kwenye tope, kwa hiyo Ipyana amekwenda kutafuta wanaume wa kubeba machela. Basi tukabaki wawili. Nikapiga kelele dirishani kuelekea upasuaji, nesi mmoja akatoka mbio, nikamweleza, akarudi ndani. Akaja tena na swali la daktari.

Nikatazama dari. Nikasema, "Redio, uliza huko: kondo limetoka lote? Ova."

"Redio, jibu: limetoka lote. Sindano ya kukaza kizazi imeshachomwa. Damu bado. Ova."

Mnaweza kucheka. Hata mimi nacheka sasa. Siku ile sikuona cha kuchekesha, maana nyuma ya sauti ya mkamwana wangu nilimsikia mama mtu mzima anaita, "Sekela, Sekela," anamwita binti yake asilale. Sekela huyo alikuwa na mtoto wake wa kwanza, na alikuwa anakwenda.

Nesi wa upasuaji akaja dirishani, barakoa bado shingoni, akasema haraka. Daktari anasema bila shaka kibofu kimejaa mkojo, kinazuia kizazi kisijikaze. Aweke mpira wa mkojo. Asugue kizazi juu ya tumbo kwa kiganja, asiache. Mtoto awekwe kwenye titi anyonye. Akageuka akakimbia kurudi ndani.

Someni tena maneno hayo, halafu mjiweke kwenye kiti changu. Mkojo. Kizazi. Titi. Nimwambie nkamwana wangu, ambaye sijawahi kumwambia hata neno karibu, na kila benchi la kila zahanati linasikiliza. Nikasema, "Redio, mwambie aangalie ile sehemu ya maji, halafu akande kule, na mtoto apewe kile chakula chake. Ova."

Ikaja sauti yake, na safari hii haikuwa inasema na ukuta.

"Sehemu ipi? Akande wapi? Huyu anaishiwa. Ova."

Yule binti alikuwa amesoma, na mambo hayo aliyafundishwa. Lakini alikuwa peke yake, mikono imejaa damu, na hofu inamsahaulisha hata aliyefaulu vizuri. Alihitaji mtu amwambie waziwazi, na aliyekuwepo ni mimi. Nikamkumbuka Shabani na lile sharti lake la mwisho. Nikasimama, nikageuza kiti kikatazama ukuta, kama ambavyo ningempa mgongo njiani, nikafumba macho, nikabonyeza, nikavuta pumzi.

"Tupokigwe, ni mimi, baba. Nisikilize. Kibofu kimejaa mkojo. Weka mpira, utoe mkojo wote. Sugua kizazi kwa kiganja, juu ya tumbo, usiache mpaka kiwe kigumu. Mtoto mweke kwenye titi la mama yake anyonye. Rudia. Ova."

Hilo ndilo jina lake, na mdomo wangu ulikuwa haujawahi kulitamka.

Akarudia. Alirudia yote, neno kwa neno, mkojo na kizazi na titi. Halafu akaachia kitufe akaenda kufanya kazi. Sikuangalia saa. Nilikaa nikitazama ule ukuta, nikasoma kila ufa. Zahanati nyingine zote zilikuwa hewani, na hakuna hata moja iliyobonyeza. Nilisikia mvua tu.

"Baba," akasema. "Mkojo umetoka mwingi. Kizazi kimekuwa kigumu. Damu imekata. Mtoto ananyonya. Ova."

Nililia. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na nililia mbele ya redio bila kujificha. Dokta Koku alipotoka upasuaji akanikuta nimekaa naangalia ukuta, akadhani mgonjwa amekufa. Nilipomwambia, alinipiga bega, akauliza kama sasa wale wakalimani bado wanahitajika.

Kesho yake Ipyana na wanaume wake walimteremsha Sekela kwa machela kuja kuongezewa damu, mtoto amefunikwa kifuani kwa mama. Yuko hai mpaka leo, anauza viazi sokoni. Akiniona ananiamkia, "Shikamoo, ova," na wateja wake hawajui anacheka nini.

Lakini nirudi kwenye jioni ile. Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu alikuwa mlangoni ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mama yangu hakucheka. Alikuwa kwenye kigoda chake karibu na jiko, akaniambia nikae.

"Umemtaja jina?"

"Nimemtaja, mama."

"Na yale mengine?"

"Yote."

Akachochea moto. Akauliza kama yule mtoto mchanga yu hai. Nikasema yu hai, na mama yake pia. Akaniambia kwamba mtu akivuka mpaka wa mwenzake analipa, hata kama alivuka kuzima moto, na kwamba pale bandani kuna mtetea mweupe anayetaga vizuri. Mke wangu akampeleka mtetea kwa mkamwana wetu. Akarudi na mkungu wa ndizi, na ujumbe kwamba binti ameshukuru, ndaga fijo, na anaomba heshima irudi ilivyokuwa.

Ikarudi, ila kwa mpango mpya. Hewani tulizungumza waziwazi, mimi na yeye, bila Tumaini wala Ipyana, na hakuna ugonjwa uliotushinda kuutaja. Nje ya redio aliendelea kuingia kwenye migomba, nami niliendelea kukohoa. Pale sokoni walituandama kwa utani kwa muda, muuza nyama mmoja akawa ananiuliza kila siku kama kibofu kimeisha mkojo. Nikawa nanunua nyama kwingine mpaka akachoka. Baadaye simu za mkononi zikaingia, redio ikapelekwa stoo, nami nikastaafu. Kwa hiyo ilipita miaka mingi sijaisikia sauti ya Tupokigwe ikisema nami. Salamu zake naletewa na wajukuu.

Sasa mnaelewa kiti kitupu. Sauti tuliilipia mtetea. Uso hatujaulipia. Nyinyi na kioo chenu mlimtokezea nami mzima mzima, bila hata kikohozi, mnategemea nini?

Nilimwambia kijana wenu aache nyaya. Nikainuka kwa shida, magoti haya, nikageuza kiti kikatazama ukuta. Mmeupaka rangi nzuri, lakini ufa mmoja bado upo. Nikakohoa. Kutoka chini ya meza kule Nkunga sauti ikaja, imezeeka kidogo kama yangu.

"Baba. Presha. Nimesikia namba alizosoma nesi. Wajukuu wameniambia dawa unameza nusu, nyingine unazificha kwenye kopo la majani ya chai. Meza zote, asubuhi na jioni, na chumvi uache. Rudia. Ova."

Nikavuta pumzi, nikarudia yote, neno kwa neno, mpaka chumvi.